Ukuta wa Data Usikae Kichwani mwa Koda

Wacha tuanze na mistari miwili ya SQL. Kama wewe si koda usitoroke, hii inakuhusu pia, hasa kama una mtoto shuleni ama unalipa kodi ya nyumba kupitia apu.

SELECT * FROM malipo WHERE namba_mwanafunzi = 1045;

SELECT * FROM malipo WHERE shule_id = 17 AND namba_mwanafunzi = 1045;

Wa kwanza unaleta malipo ya kila mtoto mwenye namba 1045 katika kila shule iliyo kwenye mfumo. Wa pili unaleta ya mtoto mmoja, wa shule moja. Tofauti ni kile kipande kidogo tu cha shule_id. Na kwenye mifumo ya kushiriki, mara nyingi hicho kipande ndicho ukuta mzima uliopo kati ya shule yako na shule ya jirani. Koda akikisahau mara moja, mahali pamoja, mzazi wa Rongai anafungua simu na kukuta salio la karo la mtoto wa Embakasi, jina lake, nambari ya simu ya babake, na pengine ile noti ya bursa inayosema "mzazi ameomba kulipa polepole".

Kwenye mambo ya programu, mteja anayeshiriki mfumo na wateja wengine anaitwa mpangaji. Jina limekaa vizuri, lakini linadanganya kidogo. Ukisikia mpangaji unafikiria ploti: geti moja, tangi moja la maji, lakini kila mtu ana mlango wake na kufuli yake. Databesi ya pamoja haiko hivyo. Ni kama ukumbi wa kanisa ambapo familia mia moja zimelala usiku wa mafuriko. Kuta hakuna. Kila godoro limeandikwa jina, na kila mtu ametegemewa asome jina kabla ya kulala. Jedwali la wanafunzi ni moja, la malipo ni moja, la matokeo ni moja, na kwenye kila mstari kuna safu inayosema huu ni wa shule gani.

Mwaka jana mimi nilipakua stetimenti ya kodi kutoka kwa mfumo mmoja wa kusimamia nyumba. Nikapata kurasa nne. Ya kwanza ilikuwa yangu. Tatu zilizobaki zilikuwa za watu wa ploti nyingine kabisa: majina, nambari za simu, na deni la kila mmoja. Nikapiga simu, nikaambiwa "rifreshi tu, itaisha." Nikarifreshi, na kweli ikaisha. Lakini nilikuwa nishajua ni nani hajalipa miezi mitatu, na yeye hadi leo hajui kwamba najua.

Sasa kabla wasee wa usalama wanirukie: sisemi kwamba kushiriki databesi ni dhambi. Salesforce, iliyoanzishwa 1999, ilijengwa juu ya wazo hilohilo la wateja wengi kwenye majedwali ya pamoja, kila mstari ukiwa na namba ya kampuni inayoumiliki. Wazo lenyewe ni zuri na ndilo limefanya programu ziwe bei ambayo shule ya mtaani inaweza kulipa kwa mwezi.

Ukiuliza mtandaoni utaambiwa haraka sana, "mpe kila mteja databesi yake, kwisha." Ni ushauri mzuri kama mteja wako ni hospitali kubwa ama benki, na analipa pesa ya kutosha kukulipia hiyo kazi. Lakini chukua kampuni ya watu watatu wanaouzia shule 140. Siku wanataka kuongeza safu moja tu kwenye jedwali la wanafunzi, wanafanya hiyo kazi mara 140. Ikikwama kwenye databesi ya 83, sasa wana mifumo miwili: shule 82 ziko kwenye muundo mpya, zingine 58 ziko kwenye wa zamani, na msimbo ni mmoja. Bakapu ni 140. Nywila za kutunza ni 140. Kosa la kuunganisha shule na databesi isiyo yake bado linawezekana, limehama tu kutoka kwenye kwiri hadi kwenye faili la mipangilio. Kwa hao watatu, databesi moja ndiyo busara. Swali langu mimi ni moja tu: ule ukuta umeshikiliwa na nani?

Kwa wengi umeshikiliwa na kumbukumbu ya koda. Hapo ndipo mimi nakataa.

Fanya hesabu ya kawaida. Tuseme mfumo wako una kwiri 400 zinazogusa data ya wateja. Kwa mfumo wa shule hizo si nyingi, kuna karo, mahudhurio, matokeo, maktaba, basi, chakula cha mchana. Tuseme wewe ni makini kuliko wengi na unasahau kile kipande cha shule mara moja tu kwa kila kwiri 200. Hapo tayari una mashimo mawili. Na shimo la aina hii halijitangazi. Ukurasa haulipuki, hakuna rangi nyekundu. Kila kitu kinafanya kazi, kinafanya kazi kupita kiasi hata. Ukijaribu kwenye laptopu yako yenye shule moja ya majaribio hutaona chochote, kwa sababu ukiwa na shule moja tu, kwiri yenye ukuta na isiyo na ukuta zinaleta jibu lilelile.

Na si suala la ukoda mbaya. Mwaka 2021, shirika la OWASP lilipotoa orodha yake ya hatari kubwa zaidi za usalama kwenye programu za wavuti, kosa la udhibiti wa nani anaruhusiwa kuona nini lilipanda kutoka nafasi ya 5, ilipokuwa mwaka 2017, hadi nafasi ya 1. Orodha yao ya API, ya 2019 na ya 2023, zote zinaweka kosa la ndugu yake kileleni: unabadilisha namba kwenye anwani, unapewa kitu cha mtu mwingine. Hao ni makoda wa dunia nzima, wenye mishahara na timu za usalama. Sasa wewe na laptopu yako na chai ya saa nane usiku unataka kuniambia hutasahau?

Najua jibu linalokuja. "Mimi natumia Laravel, nimeweka kichujio cha jumla, kila modeli inajiongezea shule_id yenyewe." Vizuri, endelea. Ni hatua kubwa kuliko kuandika kwa mkono. Lakini kichujio hicho kinaishi kwenye modeli, hakiishi kwenye databesi. Siku ya Ijumaa saa kumi na moja jioni mkurugenzi wa shule anapiga simu anataka ripoti ya madarasa yote na anaitaka leo. Modeli ni polepole, unaandika DB::table moja kwa moja, ama SQL ya mkono kabisa. Kichujio hakipo hapo. Kwenye Django ni hivyohivyo: meneja wako maalumu anachuja vizuri, kisha mtu anaandika SQL ghafi na kuta zinaanguka. Ripoti ndizo hupita pembeni, na ripoti ndizo zina data nyingi kuliko ukurasa wowote.

Halafu kuna kazi zinazofanyika bila mtu yeyote kuwa ameingia kwenye mfumo. Kwa Kenya, kubwa yao ni M-Pesa, na hapa nitakaa kidogo.

Mzazi analipa kwa Paybill. Safaricom inatuma ujumbe kwa seva yako: kiasi hiki, kutoka nambari hii, kwa Paybill hii, akaunti hii. Hakuna kikao, hakuna bursa aliyeingia, hakuna kitu kinachosema "mimi ni shule ya 17". Kama kila shule ina Paybill yake, una bahati, namba ya Paybill iko ndani ya ujumbe na inakuambia mpangaji ni nani. Lakini kampuni changa nyingine huanza na Paybill moja ya kwao wenyewe kwa sababu ni rahisi kuanza nayo. Mzazi anaandika akaunti 1045. Namba 1045 iko kwenye shule thelathini. Mfumo unachukua wa kwanza kuupata. Mama mmoja ametuma karo kutoka kwa mauzo ya mboga ya wiki mbili, pesa imeingia kwa mtoto wa shule nyingine, na mwanawe anarudishwa nyumbani Jumatatu akiambiwa hajalipa. Ana ujumbe wa M-Pesa kwenye simu. Bursa anaangalia skrini, haoni kitu. Nani ataaminiwa?

Ona kwamba hapo hakuna hacker. Ni safu moja imekosekana kwenye kwiri. Tukiongea kuhusu kutenganisha data watu hufikiria siri peke yake, lakini ukuta ukikosekana upande wa kusoma ni siri inavuja, na ukikosekana upande wa kuandika ni pesa inapotea. Kwa hilo la Paybill ya pamoja, tiba ni namba ya akaunti ianze na alama ya shule, na mfumo ukikosa kujua shule, pesa iende kwenye jedwali la malipo yasiyotambuliwa mtu ayaangalie. Usikisie kamwe.

Basi ukuta ukae wapi? Ukae kwenye databesi yenyewe, chini ya msimbo wote. Na kifaa kipo, ni cha bure, na kimekuwepo miaka. PostgreSQL ilileta ulinzi wa mstari kwa mstari, RLS kwa kifupi, kwenye toleo la 9.5, Januari 2016. Kwa jedwali la malipo unaandika hivi:

ALTER TABLE malipo ENABLE ROW LEVEL SECURITY;
ALTER TABLE malipo FORCE ROW LEVEL SECURITY;
CREATE POLICY shule_yake ON malipo USING (shule_id = current_setting('app.shule_id')::int);

Kisha kila ombi linapoingia, msimbo wako unaambia databesi mara moja tu, "hili ombi ni la shule ya 17." Baada ya hapo, ile kwiri mbaya ya kwanza niliyoanza nayo, ile isiyo na shule_id, inaleta malipo ya shule ya 17 peke yake. Umesahau, lakini databesi haikusahau. Ukijaribu kuingiza mstari wa shule ya 18 ukiwa umejitambulisha kama 17, unakataliwa.

Lakini kitu ninachokipenda zaidi ni kile kinachotokea ukisahau hata kujitambulisha. Kwa njia ya zamani, kusahau kunakupa kila kitu. Kwa hii, kusahau kunakupa kosa, kwiri inakataa kabisa na unaiona kwenye logi. Yaani upande wa kuangukia umebadilika. Afadhali mara mia bursa anipigie akilalamika "ripoti haifunguki" kuliko anipigie akiniuliza "hawa watoto ni wa nani?"

Sasa, RLS ina mitego yake na ni vizuri uijue mapema, kwa sababu nimeona watu wakiiwasha, wakajipongeza, na ilikuwa haifanyi kazi hata kidogo.

Mtego wa kwanza ni mwenye jedwali. PostgreSQL, kwa kawaida yake, haimzuii mtumiaji anayemiliki jedwali. Na kwenye mifumo mingi midogo, apu inaingia kwenye databesi kwa mtumiaji yuleyule aliyeunda majedwali. Kwa hivyo sera umeandika, na hakuna anayezuiwa. Ndio maana kuna ule mstari wa FORCE. Mtumiaji mkuu, yule postgres mwenyewe, hazuiwi hata na FORCE. Kwa hivyo tengeneza mtumiaji wa pili, asiyemiliki kitu na asiye na mamlaka ya kuruka sera, na apu iingie kwa huyo. Yule mwenye nguvu umwache kwa kazi ya kubadilisha muundo wa majedwali tu.

Kuna pia zile kwiri zilizohifadhiwa kwa jina, zinazoitwa view, ambazo watu wa ripoti wanazipenda sana. Kwa kawaida zinakimbia kwa mamlaka ya aliyezitengeneza, si ya anayezisoma, kwa hivyo zinaweza kuwa mlango wa nyuma. Tangu toleo la 15 unaweza kuziwekea security_invoker zifuate mamlaka ya msomaji. Iweke.

Mtego mbaya kuliko yote ni miunganisho ya zamu. Kufungua muunganisho mpya na databesi kwa kila ombi ni ghali, kwa hivyo watu hutumia kitu kama PgBouncer: miunganisho ishirini, maombi mia tano yanapokezana. Ukitumia SET ya kawaida kusema "mimi ni shule ya 17", hiyo alama inabaki kwenye muunganisho hata ombi lako likiisha. Anayefuata kwenye zamu, wa shule ya 42, anaukuta muunganisho umevaa nguo za 17. Msimbo wake ukikosa kujitambulisha, anasoma data ya 17 na databesi inampa kwa heshima zote. Dawa yake ni neno moja: SET LOCAL, ndani ya muamala. Muamala ukiisha, alama inafutika.

Usidhani hayo ni ya kufikirika. Tarehe 20 Machi 2023 OpenAI walizima ChatGPT kwa muda kwa sababu watu walikuwa wanaona vichwa vya mazungumzo ya watu wengine. Chanzo kilikuwa hitilafu kwenye maktaba ya kuongea na Redis: ombi likikatizwa katikati, jibu lake lilibaki kwenye muunganisho na kupewa mtu wa zamu iliyofuata. Kwa asilimia 1.2 ya wateja wa Plus waliokuwa wakitumia huduma ndani ya saa tisa fulani, hata majina, baruapepe na tarakimu nne za mwisho za kadi zingeweza kuonekana na wengine. Hiyo haikuwa kwiri mbaya. Ni bomba lilelile linalopitisha maji ya watu wawili.

Hapo inatupeleka kwenye kashe, kwa ufupi. Kama unahifadhi ripoti kwenye Redis kwa jina la "ripoti_muhula_2", umejenga ukuta wa chuma kwenye databesi kisha ukaacha dirisha wazi. Namba ya shule iingie kwenye kila jina la kashe. Faili pia: picha za watoto na PDF za matokeo zikae kwenye folda ya shule yake, na zisifunguliwe na yeyote mwenye linki.

Kuna wengine watakuambia, "sisi tunatumia UUID, hakuna mtu atakisia namba." Kitambulisho kirefu kinamchelewesha mwenye kukisia, basi. Hakimzuii aliyekipata kwenye linki iliyotumwa kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi, na hakina habari yoyote na kwiri iliyosahau shule. Tumia UUID ukitaka, lakini usiiite ukuta.

Kitu kingine cha databesi ambacho ni rahisi na watu hawakifanyi: funguo za kuunganisha majedwali ziwe na namba ya shule ndani yake. Malipo yasielekeze kwa mwanafunzi peke yake, yaelekeze kwa shule na mwanafunzi kwa pamoja. Ukifanya hivyo, hata msimbo ukichanganyikiwa, databesi itakataa kubandika malipo ya shule ya 17 kwa mtoto wa shule ya 42. RLS yenyewe haikusaidii hapo, maana ukaguzi wa funguo za kuunganisha unapita juu ya sera. Vivyo hivyo kanuni ya upekee: namba ya mwanafunzi iwe ya pekee ndani ya shule, si ndani ya mfumo mzima. Nimeona mfumo unaokataa kusajili mtoto kwa sababu "namba hii imeshatumika", na ilitumika na shule ambayo haijuani na hii. Hata huo ni uvujaji, mdogo, lakini ni uvujaji.

Na bakapu? Hapa hakuna anayekuambia ukweli mpaka siku ya msiba. Bakapu ya databesi ya pamoja ni ya wote. Shule moja ikifuta darasa zima kwa bahati mbaya Jumanne, huwezi kurudisha bakapu ya Jumatatu bila kufuta malipo ya Jumanne ya shule 139. Atlassian walijifunza hili hadharani. Tarehe 5 Aprili 2022, hati ya programu iliyopewa namba zisizo sahihi ilifuta tovuti za wateja 775. Bakapu walikuwa nazo. Lakini data ya hao 775 ilikuwa imechanganyika na ya wateja wengine waliokuwa wanaendelea na kazi, kwa hivyo kuirudisha ilibidi iwe kazi ya kuchomoa kidogo kidogo, na baadhi ya wateja walikaa hadi siku 14. Kampuni ya maelfu ya wafanyakazi. Wewe je? Andika leo programu ndogo inayotoa data ya mpangaji mmoja na nyingine inayoirudisha, na uijaribu kabla hujaihitaji. Hiyohiyo itakusaidia siku shule inahama na inataka data yake yote, na ifutwe kwako.

Kwa sababu kufutwa ni haki. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, na ndani yake kuna kifungu cha 41 kinachodai ulinzi ujengwe kwenye muundo wa mfumo tangu mwanzo. Kwa kawaida shule ndiyo mwenye jukumu la data, wewe kampuni ya programu unachakata kwa niaba yake. Data ikivuja kwa mtu asiyestahili na kuna hatari ya kweli ya madhara, shule inatakiwa kumjulisha Kamishna ndani ya saa 72, na wewe umwambie mwenye shule bila kukawia, ikiwezekana ndani ya saa 48 tangu ujue. "Rifreshi tu, itaisha" haimo kwenye sheria. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 ama asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Na usifikirie watoto ni jambo dogo kwa hiyo ofisi: Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha tu.

Nikirudi kwa wenye shule, wenye kliniki, wenye nyumba, viongozi wa chama: hamhitaji kujua SQL. Mkiletewa mfumo, mwambieni muuzaji awafungulie akaunti mbili za majaribio, kama shule mbili tofauti, na muweke mwanafunzi namba 1045 kwenye zote mbili kwa majina tofauti. Ingieni kama shule ya kwanza. Tafuteni namba hiyo, pakueni kila ripoti iliyopo, badilisheni namba iliyo kwenye anwani ya ukurasa muone inawapeleka wapi. Jina la mtoto wa shule ya pili likitokea hata mara moja, mkitoka mfunge mlango. Muulize pia: "siku koda wenu akisahau, nini kinazuia?" Akijibu "makoda wetu hawasahau", umepata jibu lako.

Wewe koda, jaribio hilohilo liandike liwe la kudumu, likimbie kila unapobadilisha msimbo: wapangaji wawili, namba zinazofanana, na kila ukurasa unaulizwa kama wa kwanza huku ukitafuta chochote cha wa pili.

"Lakini mfumo wetu uko hewani tayari, tuna shule 140, tutaanzia wapi?" Anzia kwenye jedwali moja. Chagua malipo. Hakikisha kila mstari una shule_id na hakuna iliyo tupu. Ukikuta tupu, hapo tayari kuna kisa cha kufuatilia. Tengeneza yule mtumiaji wa pili wa databesi. Washa sera kwenye nakala ya majaribio kwanza, sio kwa wateja, na uone ni kurasa gani zinavunjika. Zitakazovunjika ni zile ambazo hazikuwa zinajitambulisha, kumaanisha ni orodha ya mashimo yako na umeipata bure. Rekebisha, peleka hewani likizo ya Agosti wakati bursa hawana foleni mlangoni, kisha chukua jedwali la matokeo. Faharasa zianze na shule_id ndipo kwiri zisilale. Walio kwenye MySQL hawana RLS, kwao ni kichujio cha fremuweki, funguo za pamoja, na lile jaribio la wapangaji wawili likiwa kali zaidi, ama wahamie PostgreSQL polepole. Mimi ningehama.